Sura ya 6: Kabla Vyombo Havijaondolewa

Swali hili huulizwa mlangoni mwa kanisa baada ya Misa, huulizwa kwenye jumuiya, huulizwa hata kwenye foleni ya mashine ya kusaga: "Mwanangu alibatizwa, akasoma mafundisho, akapokea Komunyo ya kwanza, akapata Kipaimara. Siku ile tulichinja mbuzi na kukodi muziki. Tangu hapo kanisani haonekani. Tulikosea wapi?"

Mapadre hujibu kwa utani wenye uchungu kwamba Kipaimara kimegeuka mahafali: mtoto amehitimu, amepewa cheti, anakwenda zake. Utani huo una ukweli, ila haumsaidii mzazi. Tufanye hesabu kwanza. Wiki ina saa 168. Misa ya Jumapili, hata ikiwa na mahubiri marefu na matangazo yasiyokwisha, ni saa 2 au 3. Mafundisho kwa katekista tuseme saa 2. Zinabaki saa zaidi ya 160, na katika hizo mtoto yuko shuleni, shambani, barabarani, kitandani, na nyumbani kwenu. Kama katika saa zote hizo hajawahi kumwona baba yake akisali, atakuwa amejifunza jambo moja bila kufundishwa na mtu: sala ni ya kanisani, na ukitoka kanisani imekwisha.

Mzazi akielezwa hivyo hukubali upesi. Kisha huuliza swali la pili, ambalo ndilo gumu: "Sasa tusali saa ngapi, na sisi hata kula pamoja hatuli?"

Sura hii inajibu swali hilo la pili. Jibu langu litaonekana la kizembe kwa baadhi ya wasomaji: usitafute saa mpya. Ibada ya nyumbani hudumu pale inapopachikwa kwenye jambo ambalo nyumba inalifanya tayari kila siku. Ikishatengewa saa yake, kiti chake na mahubiri yake, haifiki Kwaresima.

Wazee walianza na chakula

Wamatengo, wenyeji wa milima ya Mbinga, walikuwa na desturi iitwayo sengu. Wanaume wa ukoo na vijana wao walikusanyika kwa mzee wa ukoo. Kila mke alipika kwake, chakula kikapelekwa huko, wakala pamoja. Baada ya kula, na mara nyingine wakiwa bado wanakula, mambo ya ukoo yalizungumzwa: ugomvi wa fulani na nduguye, shamba la kufyeka, mgonjwa wa nyumba ile. Kijana alikaa akisikiliza. Hakuna aliyemwambia, "Leo tunakufundisha." Alifundishwa kwa kuwapo.

Sipendi kuipamba sengu kupita kiasi. Wanawake walipika na kupeleka, na mengi yaliamuliwa bila wao; mabinti walipata malezi yao jikoni na shambani. Isitoshe, desturi yenyewe imefifia. Kahawa ilileta fedha ya kila nyumba peke yake, vijiji vikapangwa upya, watoto wakaenda shule, kila familia ikajifungia na sufuria yake. Lakini sengu ilijua jambo ambalo sisi wazazi Wakristo tumelisahau. Haikuwaita watu kwenye mafundisho. Iliwaita kula, na mafundisho yakawakuta wamekwisha kaa.

Biblia nayo inalijua jambo hilo. Pasaka katika kitabu cha Kutoka ni mlo wa nyumbani: nyama ya kondoo, mkate usiotiwa chachu, mboga chungu. Musa anawaonya wazazi kwamba watoto watauliza maana ya ibada hiyo, na wao watatakiwa wawe na jibu. Uangalie mpangilio wake. Mtoto anakula kwanza kitu cha ajabu, anauliza, ndipo mzazi anasimulia. Sisi hupenda kuanza na masimulizi, tena kwa mtoto ambaye hajauliza kitu. Na katika Kumbukumbu la Torati sura ya 6, wazazi wanapoagizwa kuwafundisha watoto maneno ya Mungu, nyakati zinazotajwa ni za kuketi nyumbani, za kutembea njiani, za kulala na za kuamka. Hakuna hata moja iliyo nje ya shughuli za kawaida za siku.

Kanisa la nyumbani ni nini?

Maneno haya utayasikia kwenye kila semina ya ndoa. Maana yake ni kwamba familia ya waumini ni Kanisa katika umbo lake dogo kabisa, na kwamba wazazi ndio wa kwanza kuwatangazia watoto wao imani, kabla ya padre na kabla ya katekista. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki wa dunia nzima uliofanyika kati ya 1962 na 1965, uliyatumia katika hati yake ya mwaka 1964 kuhusu Kanisa. Wengi hudhani basi kwamba ni wazo la juzi. Katika karne ya 4 Yohane Krisostomo alikuwa tayari akiwasihi waumini wake wazifanye nyumba zao kuwa kanisa. (Wasomaji wa Mbinga wanalifahamu jina hilo, Askofu John Chrisostom Ndimbo analo.)

Huku kwetu nyumba zilikuwa kanisa kwa lazima kabla hazijawa kanisa kwa mafundisho. Wabenedikti kutoka Ujerumani walifika Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera mwaka 1899. Mwambao wa Ziwa Nyasa ulikuwa wa Waanglikana wa UMCA, misioni iliyoanzishwa na watu wa vyuo vikuu vya Uingereza, waliokuwa na makao kisiwani Likoma na meli yao Charles Janson, iliyoingia majini mwaka 1885. Padre alikuwa mmoja, vijiji vingi. Meli ilitia nanga, ikatoa huduma, ikaondoka. William Percival Johnson alihudumu ziwani kwa zaidi ya miaka 40, hadi alipofia Liuli mwaka 1928, na bado kijiji kimoja kimoja kilimwona kwa vipindi tu. Waliobaki na sala za kila siku walikuwa walimu wa vijiji na wenye nyumba zao.

Ikaja Vita ya Kwanza ya Dunia, na ikafika hukuhuku. Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, hapo Liuli, ambapo wakati ule paliitwa Sphinxhafen. Wajerumani wakawafunga wamisionari Waingereza waliokuwa katika koloni lao. Waingereza walipoitwaa nchi, wakawaondoa Wabenedikti wa Kijerumani. Kwa hiyo waumini wa milimani na wa ziwani, kila upande kwa zamu yake, walibaki bila wamisionari waliowazoea. Ukristo haukufa. Makatekista walibeba mzigo mkubwa. Uliobaki ulibebwa na bibi na mama zetu, jikoni.

Ninalitaja hili kwa sababu ya mzazi anayesema, "Mimi si katekista." Waliotulea kiimani katika miaka ile wengi wao hawakuwa makatekista pia. Baadhi hawakujua kusoma. Walijua Baba Yetu, walijua nyimbo chache, na walisimulia habari za Yesu kama walivyozisikia.

Kwa ufupi: kanisa la nyumbani halihitaji mtaalamu. Linahitaji mtu mzima mmoja anayesali kweli, na watoto walio karibu kiasi cha kumwona.

Ibada inayowafukuza watoto

Nimekaa katika ibada nyingi za nyumbani, milimani na ziwani, na zinazoharibika huharibika kwa njia zilezile.

Kuna urefu. Rozari nzima, matendo matano na litania juu yake, ni dakika 20 mpaka 30 kwa watu wazima wasio na haraka. Mtoto wa miaka 5 akipigishwa magoti kwenye sakafu kwa muda huo, kitu atakachokumbuka ukubwani ni magoti. Mtu ataniambia kwamba Oktoba, mwezi wa rozari, jumuiya huzunguka nyumba kwa nyumba na watoto hufuata wenyewe bila kusukumwa. Ni kweli. Oktoba kuna wenzao, kuna kuimba njiani, kuna kutembea gizani kwa ruhusa. Ukiitoa rozari katika hayo yote na kuifungia chumbani kwa watu 6, usiku baada ya usiku, umebakiza sehemu ambayo mtoto hakuifuata.

Kuna hotuba. Baba aliyekaa kimya siku nzima, aliyejibu salamu za watoto kwa kuguna, ghafla anapata karama ya kuhubiri. Kisomo ni mistari 8, maelezo nusu saa, na kila mstari unamwangukia mtoto yuleyule.

Na kuna sala ya vijembe, ambayo ndiyo mbaya kuliko zote. Nyumba imefumba macho, mama anaomba: "Ee Bwana, wewe unamjua aliyechukua ile elfu mbili iliyokuwa kwenye mfuko wa koti. Mguse moyo wake airudishe kabla ya kesho asubuhi." Wote wanajua ni nani. Mtoto macho ameyafumba, masikio yanamwaka moto, na amini hakuna neno la Mungu linaloingia hapo. Pengine ni wakubwa wanaopigana. Mama anawaombea "wale wanaokesha vilabuni huku watoto hawana madaftari"; zamu ya baba ikifika, naye anaziombea "ndimi zisizotulia katika nyumba hii". Wanamaliza, "Amina", na kila mmoja anageukia ukuta wake.

Huko ni kumfanya Mungu mgambo wa nyumba. Kosa la mtoto lina mahali pake: mwite pembeni, mzungumze, muadhibu kama hapana budi. Ikifika saa ya sala, kesi iwe imefungwa. Paulo, akiwaandikia Waefeso, anawakataza kina baba kuwachokoza watoto wao hata wakakasirika, na papo hapo anawataka wawalee katika mafundisho ya Bwana. Sidhani aliyaweka mawili hayo pamoja kwa bahati.

Kasoro iliyo kinyume cha hizo huwapata zaidi viongozi. Mwenyekiti wa jumuiya, mwalimu wa kwaya, katibu wa parokia: yuko kanisani Jumanne, Alhamisi, Jumamosi na Jumapili. Ndivyo alivyokuwa Eli katika Biblia: alikuwa kuhani, akakaa hekaluni maisha yake yote, na wanawe wakageuka wahuni palepale madhabahuni. Aliwaonya, tena kwa maneno mazuri, lakini aliwaonya akiwa mzee na wao wakiwa wamekwisha kukomaa. Nikimwona kiongozi ambaye wanawe wanamjua kama mgeni anayekuja kulala, humshauri aache cheo kimoja. Hunikasirikia karibu kila mara.

Saa ipi?

Chukua nyumba ya kando ya Litembo, mwezi wa saba. Ni msimu wa kahawa na ni msimu wa baridi, vyote kwa pamoja. Tangu asubuhi watu wamechuma kahawa mbivu. Jioni wameimenya kwa mashine ya mkono, na vidole vya watoto bado vinateleza kwa ule ute wake. Saa mbili usiku wote wako jikoni. Uchaji hauhusiki, jikoni ndiko kwenye moto. Bibi yuko kwenye kigoda karibu na mafiga, mjukuu amesinzia nusu mapajani mwake. Ugali umekwisha, maharage yamebaki kidogo, maji ya kunawa bado yanazungushwa.

Hapo ndipo. Ukisubiri vyombo vioshwe, binti anayeviosha atakosa na wavulana watakuwa wametoroka. Ukihamia sebuleni, kuna baridi na kuna televisheni. Vyombo vikiwa bado chini, mama anasema, "Haya, tushukuru." Mtoto wa darasa la tatu anasoma mistari 6 ya Injili kwa tochi ya simu, akijikwaa kwenye neno "Mafarisayo". Kila mmoja anataja jambo moja la leo. Kaka mkubwa anakatiza kwamba ukuni unaungulia nje ya mafiga, anausukuma ndani, sala inaendelea. Baba Yetu, ishara ya msalaba. Dakika 8, na vyombo vinaondolewa.

Ukishuka ziwani, ratiba hiyo haifai hata kidogo. Mvuvi wa dagaa, usipa kama tunavyowaita huku, hutoka jioni na taa zake na kurudi alfajiri. Taa huwavuta dagaa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali, taa haina kazi na mitumbwi mingi hupumzika. Kwa hiyo nyumba ya mvuvi wa Liuli au Mbamba Bay ina kalenda mbili ndani ya mwezi mmoja. Siku za giza, sala ya pamoja ni ya jioni kabla baba hajatoka, ya kusimama, fupi mno, yenye ombi moja, maana upepo wa mwera ukianza kuvuma kutoka kusini kila mtoto wa mwambao anajua habari ya mtumbwi ambao haukurudi. Siku za mbalamwezi baba yupo. Hizo ndizo za kusoma kwa urefu kidogo, kuimba, kuulizana maswali uani. Sijaona kitabu cha malezi kinachozungumzia mwezi wa angani, lakini kwa nyumba hizi una maana kuliko saa ya ukutani.

Halafu kuna Ngaka. Kwenye makaa ya mawe, Ntunduwaro na Ruanda, ambako uchimbaji ulianza mwaka 2011, siku hupangwa na zamu na malori. Baba wa zamu ya usiku analala mchana, na watoto wamezoea kunong'ona. Dereva yuko safarini siku kadhaa. Mama anauza chakula kwa madereva, na saa mbili usiku ndiyo saa yake ya kupata riziki. Ukimwambia mama huyu lazima awe na ibada ya jioni, unamwongezea dhambi asiyokuwa nayo. Kwake saa ni alfajiri watoto wakivaa sare. Anawaita mmoja mmoja, anawawekea mkono kichwani, anawachora msalaba kwenye paji la uso, anasema sala moja. Dakika 3. Ndani ya wiki watafute mlo mmoja ambao baba yuko nyumbani yu macho, hata ukiwa wa saa nne asubuhi siku ya Jumanne, na huo waulinde kama wanavyolinda siku ya mshahara.

Wanaoishi karibu na misioni wana bahati ya kengele. Kengele ya Malaika wa Bwana, sala fupi ya asubuhi, mchana na jioni inayokumbuka Maria kupashwa habari, inawafaa watu wa shambani wasiobeba saa. Mama akisimamisha jembe na mtoto akamwona amesimama, ibada imefanyika.

Kwa ufupi:
- Tazama kwanza ni wapi na lini nyumba yako hukutana yenyewe.
- Weka sala hapo, hata kama pana moshi.
- Msimu ukibadilika, badilisha saa bila kuona aibu.

Dakika kumi zina nini ndani yake?

Si lazima vyote viwepo kila siku. Mpangilio ninaoupendekeza ni huu:

- Shukrani. Kila mtu jambo moja la leo, la kweli. "Nashukuru kwa uzima" inaruhusiwa kwa watoto wadogo tu. Mkubwa ataje kitu kilichotokea.
- Kisomo cha Injili, mistari 5 hadi 10, kisomwe na mtoto.
- Swali moja kuhusu kisomo. Anayeuliza si lazima awe ndiye anayejua jibu.
- Maombi kwa majina: bibi mgonjwa, mwalimu, jirani aliyefiwa, ng'ombe. Ndiyo, ng'ombe.
- Sala inayojulikana na wote, kwa sauti moja.
- Wimbo, kama mna nguvu.

Siku mliyochoka kabisa, bakizeni Baba Yetu peke yake na mlale.

Kuhusu swali nina neno zaidi. Mtoto wa Mbamba Bay akisikia habari za wavuvi wa Galilaya waliokesha bila kupata kitu, atauliza kama usiku ule kulikuwa na mbalamwezi. Usimcheke wala usimkatize. Ameingia ndani ya kisomo kuliko wewe uliyekisoma mara hamsini. Mwingine atauliza kwa nini Mungu hakumponya babu wakati sote tuliomba. Hapo mzazi hushikwa na hofu na kutafuta jibu la haraka. Mwambie hujui, kama hujui, na kwamba wewe pia umewahi kumuuliza Mungu hilo. Mtoto akigundua kwamba swali lake halikumwangusha baba, atarudi na jingine akiwa na miaka 17, umri ambao wenzake wanayapeleka maswali yao kwingine.

Watoto wapewe kazi mapema. Huku milimani hakuna mtoto aliyefundishwa ngoro kwa maneno. Ngoro, yale mashimo ya kilimo cha mlimani ambayo kingo zake hujengwa juu ya majani yaliyofyekwa na kufunikwa udongo, mtoto huyajua kwa sababu alipewa jembe dogo akasimama pembeni ya mama yake, akakosea, mama akarekebisha huku akiendelea na kazi. Sala ni vivyo hivyo. Wa miaka 3 awashe taa au ashike msalaba. Wa miaka 6 aanzishe Baba Yetu. Anayejua kusoma asome. Wa miaka 12 achague kisomo, na akichagua kile cha Elisha na dubu waliowararua vijana kwa sababu kinamfurahisha, kisomwe hicho.

Nani aongoze?

Kila anayejibu husema "baba, kichwa cha nyumba", na ingekuwa vizuri. Nyumba nyingi zinamsubiri baba huyo mpaka watoto wanaolewa. Paulo anapotaja chimbuko la imani ya Timotheo, anawataja wanawake wawili: bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Baba yake, Matendo ya Mitume yanatuambia, alikuwa Myunani, na kuhusu imani yake hatuambiwi lolote. Kijana alilelewa, akawa kiongozi wa Kanisa. Mama asisubiri.

Lakini asimtoe baba nje pia. Mwanamume asiyezoea kusali kwa sauti huona aibu mbele ya watoto wanaojua sala kuliko yeye, na aibu hiyo huivalisha ukali: "Ninyi salini, mimi nina kazi." Mpe jambo analolijua peke yake. Katika desturi ya Wakatoliki, na ya Waanglikana wa mwambao pia, marehemu huombewa, na Novemba yote ni yao. Nani anajua majina ya wazee wa ukoo, babu wa babu, shangazi aliyefia Songea, yule aliyezama ziwani? Yeye. Muulize: "Baba Fulani, tutajie majina ya wazee wetu tuwaombee." Atayataja. Ataongeza na habari za mmoja wao, pengine na utani. Watoto watasikiliza kama vijana wa sengu walivyosikiliza, na siku nyingine atayataja bila kuombwa.

Kijana aliyekwisha kuacha

Kwa mzazi wa yule aliyechinjiwa mbuzi, sala iliyopachikwa kwenye chakula ina faida moja ya wazi: kijana wa miaka 19 huacha kanisa, haachi ugali. Atakuwepo. Asilazimishwe kuongoza, asiulizwe mbele ya wadogo zake kwa nini hakwenda Misa, na vijembe visitumike. Aombewe kwa jambo lake halisi, pikipiki anayolipia kila wiki au mtihani anaourudia, kwa sauti ya kawaida, kama anavyoombewa kila mtu. Kijana akijua kwamba sala ya nyumba yao imebeba mkopo wake wa bodaboda, ana sababu ya kubaki ameketi. Mengine hayako mikononi mwa mzazi.

Anayesoma bweni hana simu, kwa hiyo mkubaliane kabla hajapanda basi: saa tatu usiku kila mmoja alipo anasema Baba Yetu. Usimuulize akirudi likizo kama aliitimiza. Mwambie tu ninyi mliitimiza.

Nyumba yenye makanisa mawili

Milima ya Mbinga ina Wakatoliki wengi, na jimbo lao lipo tangu 1986. Mwambao una Waanglikana wa mizizi ya UMCA. Barabara zimetengenezwa, vijana wanaoana, na barua hunijia: mume Mkatoliki wa Mpapa, mke Mwanglikana wa Liuli, watoto wasali kama nani?

Mahali pa kubatiziwa watoto pazungumzwe na wachungaji wa pande zote mbili kabla ya harusi, si baada ya mtoto kuzaliwa. Sala ya jioni ni rahisi kuliko hilo. UMCA ilikuwa misioni ya Kiingereza iliyopenda Misa, ubani na sikukuu za watakatifu, na wengi wakikaa pamoja hushangaa ni mambo mangapi wanayafahamu wote wawili. Injili ni ileile. Baba Yetu ni ileile, ila kuna maneno machache ya mwisho ambayo mmoja huyaongeza na mwingine huishia kabla yake; anayeishia asubiri. Rozari isemwe na anayeipenda, na mwenzake akae naye bila kuguna. Ikiwa mmoja wenu ni Mpentekoste na mwingine Mkatoliki, mtakuwa na kazi zaidi: picha ya Maria ukutani, kunena kwa lugha saa nne usiku na wapangaji upande wa pili. Kubalianeni kwanza mambo mawili. Hakuna anayeombea wokovu wa mwenzake kwa sauti mbele ya watoto, na mjadala wa nani yuko kanisa la kweli hauanzishwi wakati wa chakula. Mkishindwa la pili, kuleni kwanza.